Mpiga Besi Mwenye Udi

Mwezi wa Agosti 1958 Thelonious Monk alikuwa akitumbuiza kwa piano katika Five Spot, kilabu kidogo cha jazz mjini New York. Muziki wa tarehe 7 ulinaswa, ukatolewa kwenye santuri. Wengi humsifu Monk kwa kunyamaza kwake katikati ya wimbo; sisi washairi huko twakuita kituo. Lakini sikio langu la pwani humwandama mpiga besi, Ahmed Abdul-Malik, Mwislamu, aliyeshika mizani Monk aliponyamaza. Oktoba mwaka huohuo alirekodi santuri yake mwenyewe, *Jazz Sahara*, na humo akapiga udi, ala ileile ya taarabu yetu. Basi anayesema jazz haituhusu, naaisikilize santuri hiyo kwanza.