Paa la Gari na Boriti ya Karakana

Askari ye yote aliyepata kutumikia katika kitengo cha magari anaijua kazi hii. Amri imetoka kwamba Land Rover yenye paa gumu yatakiwa iwe wazi kwa ajili ya gwaride la kesho, au kwa doria ya porini ambako watu hawana budi kuona pande zote. Huitwa vijana sita, watatu upande huu na watatu upande ule. Mkubwa wao huhesabu moja, mbili, tatu, na paa huinuka mikononi mwao likiyumbayumba. Mara nyingi mambo huwa salama. Mara nyingine mmoja huteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni, na uzito aliokuwa ameubeba humwangukia jirani yake, naye hana pa kukimbilia.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza chombo cha kuinulia paa hilo, ili watu wawili waifanye kazi ya watu sita, na paa lenyewe lining'inizwe juu hadi litakapotakiwa tena. Vifaa vyake si vingi: makapi mawili, kila moja lenye roda mbili ndani yake, kamba njema, fremu ya mbao na winchi ya mkono. Jambo lililo gumu ni moja, nalo ndilo lipuuzwalo na wengi. Ni ile boriti ya juu.

Kwanza tulitazame gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, chuma cha pua kilikuwa adimu huko Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Paa lake halikuchomelewa, bali lilifungwa kwa bolti juu ya kuta za bodi na juu ya fremu ya kioo cha mbele. Magari ya umbo hilo la zamani yaliendelea kuundwa mpaka Januari 2016, na mengi yangali yakitembea katika nchi zetu. Aluminiamu na bolti za chuma hazipatani: penye unyevu huliana, na bolti hung'ang'ania kana kwamba imechomelewa. Fundi mwenye busara huzitia mafuta mepesi jioni, akazifungua asubuhi.

Sasa turudi kwenye boriti. Mwandishi aliwahi kuwapo katika karakana moja ambapo kapi lilifungwa kwenye mti wa kenchi, na paa likaanza kupandishwa. Kijana aliyekuwa akivuta kamba alisimama ghafla, akasema, "Afande, mti unalia." Sajini wake, mtu mwema lakini mwenye haraka siku hiyo, akamjibu, "Vuta kijana, imebaki kidogo." Ilibaki kidogo kweli. Mti ulikatika katikati, paa likaangukia kioo cha mbele, na kamba ikaubana mkono wa kijana dhidi ya nguzo. Yeye ndiye aliyeusikia mti, na vidole viwili vilivyovunjika vilikuwa vyake.

Kosa lilikuwa wapi? Karakana nyingi zimeezekwa kwa kenchi nyepesi, zilizokusudiwa kubeba mabati na upepo, basi. Zaidi ya hayo, watu hudhani kwamba kapi hupunguza uzito. Hupunguza nguvu ya mvutaji, wala si mzigo wa boriti. Tuchukue mfano wa paa lenye uzito wa kilo 80. Kamba ikipita mara nne baina ya makapi mawili, mvutaji angepaswa kuvuta kilo 20 tu. Lakini msuguano wa roda huongeza, na kwa hakika atavuta kama kilo 25. Ili paa lipande mita moja na nusu atavuta kamba mita 6. Hiyo ndiyo faida, na ndiyo hila ile ile ambayo mabaharia wa pwani huitumia wapandishapo foromali ya jahazi. Lakini yeye huvuta kuelekea chini! Kwa hiyo boriti huzibeba zile kilo 80 za paa pamoja na kilo 25 za mvutaji, jumla kilo 105. Akivuta kwa vishindo, huzidi hapo.

Basi usiifunge kamba kwenye kenchi. Simamisha nguzo mbili imara zenye miguu mipana, kila upande wa gari moja, ulaze boriti juu yake, uifunge kwa bolti wala si kwa misumari. Kabla ya kuinua paa, ijaribu. Ning'iniza viroba vya mchanga vyenye uzito maradufu ya paa, kimo cha shubiri moja tu kutoka sakafuni, uviache mpaka asubuhi. Funga uzi ulionyoka kutoka ncha hii ya boriti hadi ile, uone imepinda kiasi gani. Ikiwa imezidi kupinda usiku kucha, haifai.

La pili ni jinsi kamba zinavyolishika paa. Kamba mbili zikishuka wima, kila moja hubeba kilo 40. Zikitanuka mpaka zikalala nyuzi 30 tu kutoka usawa wa sakafu, kila moja itabeba kilo 80 nzima, nazo zitazikandamiza mbavu za paa kwa ndani mpaka aluminiamu ikunjike. Dawa yake ni fremu ya mbao iliyo pana kuliko paa, ili kamba zishuke wima kwenye pembe zake nne. Mahali mbao zigusapo paa, pigilia vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Tena ikumbukwe kwamba fundo huipunguzia kamba nguvu, pengine hata nusu. Kamba ya katani iliyolowa mvua mara nyingi huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ifumbue kidogo uitazame moyo wake.

Winchi iwe ya namna inayojishika yenyewe uiachapo. Zile zenye jino la kuzuia tu ni hatari wakati wa kushusha: ukiliondoa jino, mpini huzunguka kwa kasi, na wengi wamevunjwa mikono kwa namna hiyo.

Paa likiwa tayari kuinuliwa, chomoa kwanza nyaya za taa na za waipa ya nyuma, kama zipo. Linyanyue kwa upana wa vidole vinne, simama, lizunguke lote kwa macho. Bolti moja iliyosahauliwa huweza kuliinua gari lenyewe kwenye springi zake. Kisha lipandishe, na gari lisukumwe litoke.

Likifika juu, usiliache mikononi mwa kamba. Lifunge kwa minyororo minne moja kwa moja kwenye boriti, ulegeze kamba kidogo ili mzigo uingie kwenye minyororo. Hata hivyo mtu asilale wala asifanye kazi chini yake. Ikiwa nafasi ipo, lililo jema zaidi ni kulishusha juu ya farasi za mbao kando ya ukuta.

Siku ya kulirudisha, kagua mpira unaozuia maji kabla paa halijagusa bodi, kwa maana baadaye hutaweza kuunyosha. Anzisha bolti zote kwa vidole, kisha ndipo uzikaze. Wakati paa lilipokuwa juu, bolti hizo zilikaa ndani ya kopo lililoandikwa namba ya gari, na kopo lilikuwa limefungwa kwenye mnyororo mmoja wa paa lenyewe.