Mtoto analia sana: ni mkorofi, au anajipigania?

Wengi tuliokulia Bunda tumeshayasikia haya. Mtoto mchanga asiyelia husifiwa: "Huyu mpole, hana shida." Anayelia usiku kucha anaitwa mkorofi, na lawama zinamwangukia mama: eti amemdekeza. Je, ni kweli?

Watoto hutofautiana tangu mwanzo, kabla hujawafundisha chochote. Tofauti hiyo ndiyo hulka. Kuanzia 1956, madaktari Alexander Thomas na Stella Chess waliwafuatilia watoto wa New York kwa miaka mingi, wakaona makundi matatu: wepesi, wagumu, na wale wanaozoea mambo polepole. Wengine hawakuingia kundi lolote.

Sasa hebu twende kwa jirani zetu, Umasaini, Kenya. Mwaka 1974, wakati wa ukame mkali, mtafiti Marten deVries alipima hulka za watoto wachanga wa Kimasai, akachagua 10 wepesi zaidi na 10 wagumu zaidi. Aliporudi baadaye, familia nyingi zilikuwa zimehama kwa sababu ya ukame. Alizipata 13 tu. Kati ya watoto wepesi 7, walikuwa wamekufa 5. Kati ya wagumu 6, alikufa 1.

Kwa nini? Mtoto yule hunyonyeshwa anapolia. Njaa ikibana, anayelia ananyonya mara nyingi. Mpole analala na njaa yake. Tena Wamasai hawaoni ubaya kwa mtoto anayedai chake kwa nguvu.

Watoto 13 ni wachache mno kujenga kanuni. Lakini jambo moja linaonekana: hulka yenyewe si nzuri wala mbaya, inategemea mtoto yuko wapi. Mtoto anayeamka usiku ni tatizo kwa mzazi wa New York anayewahi ofisini. Kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, Charles Super na Sara Harkness walikuta watoto wakilala na mama. Akiamka ananyonya, basi.

Kwa hiyo, ukiwa na mtoto mpole, usisubiri kilio. Njaa ina dalili zake za mapema: anageuza kichwa akitafuta ziwa, ananyonya vidole. Kliniki usiikose, apimwe uzito, hata kama mtaa mzima unamsifia.

Na yule mlizi? Kumbeba haraka hakumharibu. Anajifunza kwamba akiita, mtu anakuja. Ila kilio kikibadilika ghafla, au kikija na homa au kukataa ziwa, hiyo si hulka tena: mpeleke zahanati.