Kuua vitani: Ni lini kifo cha raia huwa uhalifu?

Na Mwandishi Wetu

MUDA mfupi kabla ya saa 8 usiku, Septemba 4, 2009, ndege za kivita za Marekani ziliangusha mabomu mawili juu ya malori mawili ya mafuta yaliyokwama katika Mto Kunduz, kaskazini mwa Afghanistan. Malori hayo yalikuwa yametekwa na wapiganaji wa Taliban. Aliyeamuru shambulio hilo ni Kanali Georg Klein wa jeshi la Ujerumani, akihofia kuwa yangetumiwa kuishambulia kambi yake.

Hata hivyo, waliokuwa mtoni si wapiganaji pekee. Wanavijiji, wakiwamo watoto, walikuwa wamekwenda kuchota mafuta. Makadirio mengi ya waliouawa yanazidi watu 90.

Je, huo ulikuwa uhalifu wa kivita?

Wengi hudhani kwamba kila raia anayeuawa vitani ni ushahidi wa uhalifu. Sivyo sheria inavyosema. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, inaweka masharti makuu matatu.

Kwanza, ni marufuku kumlenga raia kwa makusudi. Pili, hata shabaha ikiwa ya kijeshi, shambulio haliruhusiwi iwapo madhara yanayotarajiwa kwa raia yanapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi inayotazamiwa. Tatu, kamanda anapaswa kufanya kila linalowezekana kuhakiki anayempiga na kuwaonya raia pale hali inaporuhusu.

Kwa maneno mengine, kamanda hahukumiwi kwa idadi ya maiti zilizoonekana asubuhi, bali kwa yale aliyoyajua, au aliyopaswa kuyajua, usiku ule.

Hapo ndipo kesi ya Kunduz ilipokwama. Mtoa habari alieleza kwa simu kuwa mtoni hapakuwa na raia. Marubani walipendekeza kwanza kupita chini ili kuwatawanya watu, lakini pendekezo hilo lilikataliwa. Mwaka 2010, waendesha mashtaka wa Ujerumani walifunga jalada, wakisema kanali aliamini kuwa waliokuwapo ni wapiganaji tu. Mwaka 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa uchunguzi huo ulitosha. Haikuamua iwapo shambulio lenyewe lilikuwa halali.

Ujerumani ililipa Dola 5,000 za Marekani kwa kila familia iliyoathirika, bila kukiri kosa.

Sheria, basi, ni kiwango cha chini cha utu vitani. Humwadhibu anayeua raia kwa makusudi au kwa kutojali kupita kiasi. Lakini mtu aweza kuepuka jela na bado akabaki na deni kwa wafiwa. Swali la marubani wale, kama watu wangeweza kutawanywa kabla ya kuuawa, halikuhitaji mahakama kuulizwa. Lilihitaji dakika chache kabla ya amri kutolewa.