UKAGUZI SI MTEGO

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi, kila mmoja wenu anajua maana ya ukaguzi. Kabla ya lindo kuanza, bunduki hufunguliwa, mtutu hutazamwa na risasi huhesabiwa. Hapana askari mwenye akili aonaye kazi hiyo kuwa ni uonevu. Lakini mnajua pia tofauti iliyopo baina ya ofisa anayekagua ili kikosi kiwe tayari, na yule anayekagua ili apate mtu wa kumwadhibu.

Tofauti hiyo sasa inawahusu watoto wetu mashuleni. Vijana huunda roboti, yaani mashine zinazojiendesha au kuongozwa kwa mbali, na kushindana nazo. Mwezi wa Julai 2017, timu kutoka nchi zaidi ya 150, zikiwamo za Afrika Mashariki, zilikutana Washington kwa mashindano ya namna hiyo. Na kabla roboti haijaingia uwanjani, sharti ikaguliwe.

Kwa nini ikaguliwe? Tutazame mashindano ya FIRST Robotics Competition, yaliyoanza Marekani mwaka 1992. Roboti yake hutumia betri ya volti 12, na swichi kuu ya kukata umeme ya ampea 120. Waya mwembamba ukibebeshwa umeme mwingi hupata moto na huweza kuwaka. Kwa hiyo mkaguzi hutazama unene wa waya, huhakikisha kwamba swichi kuu inafikiwa upesi kwa mkono, kisha huiweka roboti mizanini. Mwaka 2024 uzito wa mwisho, bila betri na bampa, ulikuwa ratili 125, yaani kilo 56 na ushei. Mwaka 2025 ulishushwa hadi ratili 115, yaani kilo 52. Timu itakayogundua badiliko kama hilo mbele ya mkaguzi itaikata kwa msumeno kazi yake ya majuma mengi.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, orodha ya ukaguzi itangazwe mapema, ili timu ijikague yenyewe nyumbani. Pili, wakaguzi wote wafuate orodha moja na mizani moja, isiwe shule yenye jina inapita kwa salamu na shule ya mbali inarudishwa. Tatu, kosa liandikwe pamoja na kanuni iliyovunjwa, na mkaguzi aeleze namna ya kulirekebisha. Nne, roboti ikibadilishwa baada ya kupita, ikaguliwe upya.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kulegeza kamba. La hasha! Waya mbovu ni mbovu, hata mwenyewe akilia. Mkaguzi mwema hafumbii macho kosa, husaidia liondoke.

Kijana anayefukuzwa bila kuelezwa hujifunza kwamba kanuni ni fimbo ya mwenye cheo. Anayeonyeshwa kosa lake hujifunza kwamba kanuni ni ngao yake na ya mwenzake. Kesho kijana huyo ndiye atakayetengeneza redio zenu na magari yenu. Je, mngependa awe amejifunza lipi?