Kozi ya uundaji wa kidijitali: ijue kabla hujafunga begi kutoka Ikuti

Vijana wa Ikuti na kata za jirani hapa Rungwe wametuuliza kuhusu kozi za uundaji wa kidijitali, hasa ile inayoitwa Fab Academy. Wanataka kujua ni masomo ya nini, na kwa nini mwanafunzi anatakiwa kuwa na tovuti yake mwenyewe hata kabla hajashika mashine. Redioni maneno hupita haraka, kwa hiyo tumeona tuyaweke hapa uyasome kwa nafasi yako.

Fundi tuliyemzoea hupima kwa futi, huchora kwa chaki, kisha hukata kwa mkono. Katika uundaji wa kidijitali mchoro hutengenezwa kwenye kompyuta, na mashine huufuata mchoro huo yenyewe. Ziko mashine za kuchonga mbao, ziko zinazokata kwa mwanga mkali wa leza, na iko printa ya 3D. Hii ya mwisho huyeyusha uzi wa plastiki kwa joto la kama nyuzi 200, ikaupanga tabaka juu ya tabaka hadi kitu kikamilike. Gia ndogo tu inaweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, mara nyingi unaanza upya, na hilo mtu wa kijijini hahitaji kuelezwa mara mbili. Tena plastiki inayotumika sana huanza kulegea joto likifika kama nyuzi 60, kwa hiyo usitegemee kuifunga karibu na injini ya pikipiki.

Nguvu ya kazi hii iko kwenye faili. Ukishachora gia vizuri mara moja, mwenye mashine aliye Mbeya, Arusha au Kigali anaweza kuitengeneza ileile bila wewe kusafiri.

Mambo haya yalipata umaarufu kutoka Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, huko Marekani. Mwaka 1998 Profesa Neil Gershenfeld alianzisha somo la kutengeneza karibu kila kitu, na baadaye zikazaliwa karakana zinazoitwa Fab Lab. Kwa wasikilizaji wa vijijini inafaa kujua kwamba miongoni mwa za mwanzo kabisa nje ya Marekani ilikuwa ya Pabal, kijijini India, na nyingine ikafunguliwa Takoradi, Ghana, mwaka 2004. Jirani zetu Kenya wanayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Rwanda walifungua yao Kigali mwaka 2016. Kwetu Tanzania, Buni Hub ilianza mwaka 2011 chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Dar es Salaam hiyohiyo vijana wa STICLab wamejenga printa za 3D kwa kutumia mabaki ya vifaa vya kielektroniki. Arusha kuna Twende, ambako jina la Bernard Kiwia linajulikana kwa mashine zinazoendeshwa kwa baiskeli, ikiwemo ya kuchaji simu. Yeye alianza na vyuma na baiskeli, wala si kompyuta.

Sasa Fab Academy yenyewe. Huanza Januari na kuendelea kwa karibu miezi 6. Kila Jumatano kuna somo moja kwa njia ya video kwa wanafunzi wa dunia nzima, ambalo kwa saa zetu huangukia jioni. Siku zilizobaki unafanya kazi karakanani: wiki hii kuchora, wiki ijayo kukata, nyingine kutengeneza saketi ya umeme, nyingine kumimina vitu kwenye kalibu. Mwisho unaonyesha mradi wako mmoja mkubwa.

Tuseme ukweli hapa. Kozi hii huwezi kuisoma nyumbani kwa simu peke yake. Lazima uwe chini ya karakana inayotambulika. Lugha ni Kiingereza. Ada inafika maelfu ya dola, ingawa baadhi ya karakana husaidia, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tamaa. Na usiuze ng'ombe wa maziwa wa nyumbani kwa ajili ya ada hiyo kabla hujajua kama kazi yenyewe unaipenda. Kwa aliyemaliza kidato cha nne, sisi tungemwelekeza kwanza VETA Mbeya, au akiwa na sifa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Programu za kuchorea kama FreeCAD na Inkscape ni za bure; ukipata kompyuta ya kuazima unaweza kuanza.

Turudi kwenye tovuti, maana hapo ndipo wengi wanashangaa. Kazi ya wiki ya kwanza ni kujenga tovuti na kuandika humo mradi unaoufikiria. Baada ya hapo, kila wiki unaandika ulitaka kufanya nini, ulifanyaje, kitu gani kilikataa, ulikirekebishaje, na unaweka picha pamoja na faili la mchoro. Hao wanaokupima wanausoma ukurasa huo. Kazi isiyoandikwa haihesabiwi, hata kama mashine yako inanguruma vizuri.

Chukua mfano wa mashine ya kukatakata mabingobingo ya kulishia ng'ombe wa ndani. Fundi mzuri anaitengeneza kwa kukadiria kwa jicho. Kisu kikikaa mbali kidogo, majani yanachanwa badala ya kukatwa, naye anasogeza, anajaribu tena, hadi anapata. Kipimo hicho kinabaki kichwani mwake. Akihama au akifariki, anayefuata anaanza sifuri. Kama angeandika nafasi kati ya kisu na ubao ilikuwa milimita ngapi, na zile zilizoshindwa zilikuwa ngapi, fundi wa Kiwira au Busokelo angeanzia pale alipoishia mwenzake. Kwa maoni yetu, majaribio yaliyoshindwa ndiyo yenye thamani kubwa kwenye kurasa hizi, na ndiyo watu huyaficha.

Tabia hii unaweza kuianza leo bila kozi. Simu nyingi hupiga picha yenye uzito wa MB 3 hadi 5. Picha 10 za namna hiyo zinakula karibu MB 40 za bando, na msomaji wako mwenye simu ndogo hatazifungua. Zipunguze hadi chini ya KB 200 kila moja. Weka rula au betri ya redio pembeni ya kitu unapopiga, ukubwa uonekane. Andika tarehe. Pasipo na mtandao andika daftarini kwanza, kisha uhamishe ukifika Tukuyu. Zipo huduma za bure za kuhifadhi kurasa, kama GitHub, ambazo hazitozi kitu kwa tovuti nyepesi. Na andika kwa Kiswahili bila aibu, kwa sababu maelezo ya Kiingereza yamejaa. Yale ambayo fundi wa hapa angeyaelewa ni machache.

Kuna tahadhari moja. Kuweka kazi mtandaoni ni kuigawa. Ikiwa unafikiri umebuni kitu kipya kabisa na unataka hataza, nenda kwanza BRELA, wanaosajili hataza Tanzania Bara, uulize kabla ya kuchapisha, kwa sababu kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa ya upya. Usipoandika popote nako kuna hasara yake: mgeni akija, akapiga picha mashine yako na kuiita yake, hutakuwa na tarehe wala mchoro wa kuonyesha kwamba ulitangulia.

Mwenye kitu kinachofanya kazi ayaulizie pia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Yana kundi la wabunifu wa sekta isiyo rasmi, na huko hawaulizi cheti cha shule. Wataomba maelezo ya kazi yako, na daftari lenye tarehe na picha litakuwa limeshayabeba.