Neno Moja Lililookoa Kisiwa

Wazee wetu walipotukalisha barazani baada ya Isha wakatusimulia habari za bahari, wengi wetu tulisinzia. Laiti tungalijua!

Huko Indonesia, magharibi ya Sumatra, kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima kama sisi. Ijumaa ya tarehe 4 Januari 1907 ardhi ilitetemeka, kisha bahari ikajitenga hata miamba ikawa wazi. Yasimuliwa kwamba watu walishuka pwani kuokota samaki. Maji yakarudi kama ukuta, yakawazoa.

Waliosalia waliipa balaa ile jina, smong. Mababu wakaisimulia jioni, na watoto wakabembelezwa kwa nyimbo zake. Mafunzo yake ni mafupi: ardhi ikitikisika sana na bahari ikikauka, usirudi kuchukua kitu, kimbilia kilimani.

Miaka 97 ikapita. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ikatikisika tena. Kisiwani hapakuwa na mtambo wa kutoa tahadhari, na mawimbi yalikuwa yamebakisha dakika chache tu. Mmoja alipiga ukelele, "Smong!", mwengine akaupokea, na vijiji vikahama. Kati ya watu wapatao 78,000 walikufa saba. Pwani ya Aceh iliyo bara, ambako neno hilo halikujulikana, walikufa au kupotea zaidi ya 160,000.

Maji yale yale yalitufikia na sisi mchana wa siku hiyo. Hapa Kenya mtu mmoja alifariki na mashua zikaharibika. Huku kwetu hatukuhisi ardhi kutikisika. Alama tuliyokuwa nayo ni bahari kutoka na kuingia si kwa saa zake. Na ni nani azijuaye saa hizo kama nahodha mzee, ambaye akiutazama mwezi hukwambia hii ni bamvua au maji mafu?

Shuleni watoto hufunzwa mambo haya kwa michoro. Si vibaya, ila mchoro husahauliwa mtihani ukiisha. Mwalimu wa Lamu au Vanga hatatumia hata senti moja akimwita nahodha darasani, kisha wakashuka wote pwani wakati maji yatokapo. Na kama mzee mwenyewe hawezi tena kutoka barazani kwake, basi watoto na wapelekwe huko huko.