Anayemuuguza Mama Nyumbani Analipwa na Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliitazama Uingereza, ambako tangu mwaka 1976 Serikali hutoa posho kwa anayemhudumia mgonjwa nyumbani, ingawa hadi 1986 mwanamke aliyeolewa alinyimwa. Leo turudi kwetu Tanzania. Binti wa Tunduma aliyefunga genge lake ili amuuguze mama aliyepata kiharusi, Serikali yetu inamlipa?

Hailipi. Hakuna mpango wa Serikali unaomlipa ndugu kwa sababu tu anauguza. Lakini zipo fedha na huduma zinazofika karibu na kitanda cha mgonjwa, na watu wengi huzichanganya.

Tuanze na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi mitaani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili Februari 2020. Ruzuku hupewa kaya, na kinachopimwa ni umaskini wa kaya hiyo. Mama asiyeweza kujigeuza kitandani, akiwa kwa mwanawe mwenye malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hana sifa. Mama wa aina hiyohiyo anayeishi na mjukuu katika chumba cha kupanga anaweza kuwa nayo. Tena walengwa wenye nguvu hutakiwa kushiriki ajira za muda, kama kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Sasa yule aliyefungwa na mgonjwa atakwenda saa ngapi? Ikiwa mtu mzima pekee mwenye nguvu katika kaya ndiye anayeuguza, mwenyekiti wa mtaa na mratibu wa TASAF wa halmashauri waelezwe mapema, kabla majina ya kazi hayajaandikwa.

Wa pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano. Huyu hulipwa posho, na kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba: kuelimisha, kubaini dalili, kufuatilia wanaotumia dawa na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Kumwogesha mama yako si kazi yake, wala kumlisha uji saa nane za usiku.

Ukanda huu wa Tunduma ulijua zamani uuguzaji huu usiolipwa, mkoa wake wa Songwe ukiwa bado sehemu ya Mbeya, kabla ya kumegwa mwaka 2016. Kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza kutolewa katika hospitali za umma mwaka 2004, wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani. Mbeya kikazaliwa KIHUMBE, kikundi cha huduma majumbani, mwaka 1991. Waliojitolea walisifiwa, na walistahili. Bibi aliyelala chini kando ya mgonjwa hakuandikwa popote.

Sheria nayo haikumwona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilipotungwa mwaka 2004, ilimpa mwajiriwa siku nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, siku hizo zilitolewa akifariki tu.

Wengine wamesogea zaidi. Kenya hutoa ruzuku ya shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na mlezi wake ndiye huipokea. Zanzibar, tangu Aprili 2016, hulipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe na mali au asiwe nayo. Mimi ningeanza na njia ya Zanzibar. Posho ya muuguzaji inadai mtu athibitishe nani anauguza, na tunawajua ndugu zetu: fedha ikitangazwa, hata aliyepotelea Lusaka miaka kumi atarudi na begi. Umri wa mzee haubishaniwi hivyo.

Kwa sasa, mwenye mzee wa miaka 60 au zaidi asiyejiweza aende ofisi ya mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aulizie utambulisho wa matibabu bila malipo. Kuandikishwa hakuna ada. Anayekudai fedha ya fomu usimpe.

Wiki ijayo: bima ya afya kwa wote na mgonjwa asiyetoka nyumbani.